Kupunguza mwendo kwenye chumvi ya Bonneville: somo linalotangulia kasi

Mwendeshaji mpya wa pikipiki za kasi hutumia miezi mingi akitengeneza injini, akichagua gia na kujizoeza kulala juu ya tangi. Ukimuuliza atasimamaje, wengi hujibu kwa neno moja: breki. Jibu hilo hututia hofu sisi tunaofundisha usalama wa mchezo huu. Kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, breki ndiyo ya mwisho kuguswa.

Bonneville ni tambarare nyeupe karibu na mji wa Wendover. Wiki ya mashindano ya kasi ilianza kufanyika hapo mwaka 1949, na ipo miaka iliyofutwa kwa sababu ya hali mbaya ya chumvi, kama 2014 na 2015. Pikipiki huondoka ikiwa imesimama, hukusanya mwendo kwa maili kadhaa, hupimwa ikipita kwenye alama za muda, kisha huachiwa nafasi ndefu ya kupungua. Nafasi hiyo ni sehemu ya mbio. Kwa rekodi ya dunia inayotambuliwa na FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, mwendeshaji hupita mara mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa 2. Asiyesimama salama, na pikipiki yake ikiwa nzima, hana rekodi.

Mwalimu mkuu hapa ni upepo. Mwaka 1948 mwendeshaji Rollie Free alipanda pikipiki aina ya Vincent kwenye chumvi hii akiwa amevaa kaptula ya kuogelea na viatu vyepesi, amelala kifudifudi, miguu imenyooshwa nyuma. Nguo zake za ngozi zilikuwa zimechanika katika mbio za awali, na alijua kwamba hewa ikipata pa kushika humrudisha nyuma. Akafikia maili 150.313 kwa saa, karibu kilomita 242. Kilichomsaidia kuongeza mwendo ndicho hichohicho, kikigeuzwa, kinachomsaidia mwanafunzi kupunguza: mwili ukiinuka, hewa inaushika.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4, na nishati iliyomo kwenye pikipiki nayo huongezeka mara 4. Kwa hiyo anayeshuka kutoka kilomita 300 hadi 150 kwa saa amekwisha kumwaga robo tatu ya nishati yake, na anaweza kufanya hivyo bila kugusa breki hata kidogo.

Lakini upepo huohuo hauna huruma kwa mwenye papara. Akivuka alama ya mwisho, mwanafunzi abaki amelala vilevile, aachie mafuta polepole, kiganja kikizunguka kidogo kidogo. Akiyafunga ghafla, hewa inamsukuma nyuma na injini inaanza kuvuta gurudumu la nyuma papo hapo. Uzito unakimbilia mbele, nyuma panakuwa pepesi, na chumvi haina mshiko wa lami. Tairi linateleza, pikipiki inaanza kuyumba, na mwendeshaji mwenye hofu hukaza mikono kwenye usukani, jambo linalozidisha kuyumba. Mikono ilegee, magoti yabane tangi, macho yatazame mbali mbele.

Mwendo ukishapungua vya kutosha ndipo ainuke, kichwa kwanza, kifua baadaye, tena taratibu. Aliyeinuka wima ghafla kwenye kilomita 300 kwa saa hupigwa kifuani na nguvu inayoweza kumng'oa mikono kwenye usukani. Na asigeuke kutazama nyuma: kwa mwendo huo sekunde moja ni mita 83.

Vidole viwe tayari kwenye klachi. Injini iliyosukumwa hadi mwisho inaweza kukwama, pistoni ikishikana na silinda, na gurudumu la nyuma likafungika. Injini za mipigo miwili zina hatari ya pekee mafuta yanapofungwa, kwa kuwa kilainishi chake huja pamoja na petroli. Ukiisikia injini ikibadilika sauti, kamata klachi, ishike, acha pikipiki iserereke yenyewe.

Sehemu ninayoikazia kuliko zote ni ile ya mwisho, kwa kuwa hapo akili hudanganywa. Mtu aliyetoka kwenye kilomita 300 huona 120 kama mwendo wa kutembea. Kwenye chumvi hakuna mti wala nguzo za kando ya barabara za kumsaidia kukadiria. Anakata kona kuelekea njia ya kurudia akidhani amekwisha kupungua, anaanguka. Ndiyo maana tunamwambia asiyaamini macho yake: asome mshale wa mizunguko ya injini na ajue yuko gia ya ngapi. Ashuke gia moja moja, kisha breki ya nyuma kwa wepesi, ya mbele kwa tahadhari kubwa na pikipiki ikiwa imenyooka. Akate kona pana, upande alioelekezwa kabla ya kuondoka, na kamwe asirudi kuikatiza njia ya mbio.

Pikipiki zilizofunikwa mwili mzima zina utaratibu wake. Mwendeshaji Rocky Robinson alipofikia kilomita 605.697 kwa saa hapohapo Bonneville mwaka 2010, alikuwa amelala ndani ya ganda. Aliye humo hana kifua cha kuinua. Vyombo vya namna hiyo hutegemea parachuti, na kabla ya kusimama kabisa huteremsha miguu ya pembeni visije vikalala ubavu.

Mpangilio wa leseni za Bonneville, unaopanda ngazi kwa ngazi kadiri mwendo unavyoongezeka, una hekima ambayo mwanafunzi anapaswa kuiheshimu hata pale pikipiki yake ina nguvu za kuruka ngazi. Kwenye mwendo mdogo wa ngazi ya kwanza, afanye mfuatano wote kana kwamba yuko kwenye 300: mafuta, mwili, gia, breki, kona. Aurudie mpaka mikono iufanye bila kuamriwa, ndipo aruhusiwe kuongeza.