Kuitwa kituoni sio kushtakiwa, na loya hangoji mashtaka

Kuna sentensi nimeisikia hadi nimechoka: "Bado sijashtakiwa, sasa wakili wa nini?" Na iko na pacha wake, ile ya majirani: "Alienda na wakili? Basi huyo amefanya." Zote zinatoka mahali pamoja, watu hawajui kushtakiwa kunaanzia wapi.

Maana yenyewe ni fupi. Wakili wa kabla ya mashtaka ni wakili yule yule wa kesi za jinai, ila umemchukua wakati polisi bado wanauliza uliza, ama wamekukamata, na hakuna hati ya mashtaka umesomewa na hakimu. Hana leseni spesheli wala hahitaji barua ya korti ndio akusimamie. Hiyo imeisha.

Shida ni hili neno kushtaki. Tumelijua tangu tukiwa watoto, "ntakushtaki kwa mama", na hapo hakuna hakimu, ni kulalamika tu, na hata huko Kiarabuni lilikotoka maana yake ni hiyo hiyo ya kulalamika. Sasa jirani akienda kituoni akaandikisha kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ati umemvunjia kioo cha gari, ploti nzima inasema ashakushtaki, na kwa Kiswahili cha nyumbani hawajakosea. Lakini mbele ya sheria huyo ni mlalamishi, na ile namba ya OB ni namba ya malalamishi. Wa kuamua kama utashtakiwa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, kazi aliyopewa na kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Polisi wanachunguza, wanafungua faili, faili inaenda kwa waendesha mashtaka, wanaangalia kama ushahidi unatosha na kama kuna faida kwa umma kuendelea na hiyo kesi, na wakikubali ndio hati inapelekwa kortini unasomewa, unaulizwa ni kweli ama si kweli. Siku hiyo ndio umeshtakiwa. Kati ya OB na hiyo siku wiki zinaweza kupita, hata miezi, na saa zingine faili inafungwa bila kufika popote.

Sasa huo muda wa katikati ndio watu wanauchezea, juu wanadhani hakuna kitu kinaendelea. Eti "sina kesi". Kesi ndio inapikwa hapo!

Chukua hiyo ya kuitwa. Afande anapiga simu, sauti tamu kabisa, kuja tu hapa Kiambu Road, makao ya wapelelezi, urekodi taarifa, dakika kumi. Kwanza, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 52, inasema afisa anaweza kukuita kwa maandishi, na ukiitwa hivyo usipoenda bila sababu ya maana hilo peke yake ni kosa, kwa hivyo sikwambii ukae nyumbani. Lakini kifungu hicho hicho kinasema hulazimiki kujibu swali ambalo jibu lake linaweza kukuingiza kwa mashtaka. Sasa wewe ukiwa umeketi kwa hicho kiti, utajuaje swali gani ni la hivyo? Swali la hatari huwa halionekani la hatari, mara nyingi ni "uliondoka saa ngapi?"

Na taarifa yenyewe inavyoandikwa, hapo ndio nataka mtu aangalie poa. Wewe unaongea Kiswahili, afande anaandika Kizungu, kwa mkono, karatasi ya mistari. Umesema "tulikuwa tunazozana", yeye ameandika mlikuwa mnapigana. Umesema "nilimshika asianguke", imeandikwa ulimshika, nukta. Hana ubaya labda, anafupisha, ako na watu wengine watano hapo kwa benchi wanangoja. Alafu anageuza karatasi, anakuonyesha pa kuweka sahihi, na wewe unataka kwenda nyumbani. Sheria inasema usomewe kwa lugha unayoelewa na uulizwe kama kuna pa kurekebisha, kabla ya kusaini. Ni wangapi wameulizwa? Wakili akiwa hapo karibu nawe anaomba ile karatasi, anaisoma mstari kwa mstari, anasema hapa rekebisha, hapa ongeza, na anauliza swali ambalo wewe ungeogopa kuuliza: huyu mmemwita kama shahidi ama kama mshukiwa?

Watu huniambia ungamo, yaani kukiri kosa mbele ya polisi, halihesabiki kortini, sasa hofu ya nini. Ni nusu ya ukweli. Sheria ya Ushahidi, kifungu 25A, inataka ungamo lifanywe mbele ya jaji ama hakimu, ama afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye siye anayechunguza hiyo kesi, na uwe na mtu wako uliyemchagua mwenyewe. Sawa. Lakini ulichosema bado kimempa mpelelezi ramani ya pa kutafuta, na hiyo ramani huwezi kuirudisha mfukoni.

Kukamatwa nako ni kitu kingine, na bado si kushtakiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kupelekwa kortini kabla saa 24 kuisha, ila saa hizo zikiishia nje ya masaa ya korti wanasubiri siku ya korti inayofuata. Ndio maana Ijumaa ya kamata kamata inaogopwa hapa Nairobi: ukishikwa Ijumaa jioni, unaweza kuona hakimu Jumatatu. Na hata Jumatatu ukisimama kizimbani kwa korti za Milimani unaweza kuwa bado hujashtakiwa! Polisi wanaweza kuja na ombi tu, wapewe siku kadhaa wamalize uchunguzi ukiwa ndani. Runinga inakuonyesha na kukuandika "mshtakiwa" na hujasomewa kitu. Hilo ombi linaweza kupingwa siku hiyo hiyo, lakini lazima kuwe na mtu wa kulipinga, na ni ngumu sana kufanya hivyo kama wakili wako ndio kwanza anatafutwa na shemeji yako kwa simu.

Hapo pia kuna dhamana ya kabla ya kukamatwa, ile ya Mahakama Kuu, ambayo watu wanaiongelea kama hirizi. Unapewa ukionyesha kwamba haki zako ziko hatarini kweli kweli, na haizuii uchunguzi, kawaida unaambiwa uende ukaripoti kwa wapelelezi.

Kazi nyingine ya wakili kwa huu muda haina mbwembwe. Anaulizia bondi ya polisi, ambayo ni ya bure. Anakukumbusha uchukue rekodi za M-Pesa na uombe picha za CCTV za duka la chini kabla hazijafutika. Anaandikia ofisi ya DPP kueleza upande wako faili ikiwa bado mezani. Barua kama hiyo baada ya kusomewa mashtaka inakuwa safari ndefu zaidi.

Na ile ya "amefanya ndio maana ameenda na loya", Juni 2024 wakati wa maandamano, mawakili walizunguka vituo vya Nairobi wakitafuta vijana walioshikwa, na wengi wa hao vijana hakuna shtaka walikuwa wamesomewa. Sikusikia mtu akisema loya ndiye ushahidi kwamba wamefanya.

Pesa ni swali la haki, sikatai. Ile ahadi ya Katiba ya wakili wa kulipiwa na serikali, kifungu cha 50, imeandikiwa mshtakiwa, na hata yeye ni pale ambapo bila wakili dhuluma kubwa ingetokea. Kwa hivyo kabla ya hapo wengi wanajilipia, na kama hutaweza kumlipa wa kesi nzima unaweza kuongea naye akusindikize siku ya taarifa tu. Ila hakikisha kwanza ako na cheti cha uwakili cha mwaka huu, LSK, chama cha mawakili, wanakuwezesha kuangalia.

Basi jirani akiitwa, tuseme ameitwa, na akilala seli tuseme ameshikwa, yeye ni mshukiwa. Mshtakiwa tumwachie yule aliyeulizwa ni kweli ama si kweli. Na hao wawili wa kwanza wakipiga simu kwa wakili, tafadhali usiwaambie wamewahi sana.