Umeandika "sijaijaribu" kwa tangazo la kuuza kitu chako, je bado utarudisha pesa?

Kwa dawati letu la malalamiko huwa tunapigiwa simu na watu wawili juu ya kitu kimoja, muuzaji anasema "lakini nilimwambia sijaijaribu" na mnunuzi anasema "aliniambia iko poa", na ukiangalia meseji zao unapata wote wawili hawajadanganya.

Chukua mfano wa tivii. Mtu anahama nyumba Umoja, ana tivii ya inchi 43 imekaa stoo, anaipiga picha anaiposti kwa 9,000, anaandika "sijaijaribu, rimoti ilipotea". Hapo hana shida yoyote. Sasa mnunuzi anaingia inboksi anauliza, inawaka? Na yeye kwa sababu anataka ile stoo iishe anajibu "eeh inawaka, shida ni rimoti tu". Hiyo meseji moja imefuta ile "sijaijaribu" yote, kwa sababu mnunuzi alilipa akitegemea jibu la inboksi, na tivii ikikataa kuwaka ana haki ya kuirudisha na kudai pesa yake.

Hapa Kenya sheria inayoangaliwa kwanza ni ile ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31. Kifungu cha 15 kinasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na hayo maelezo, na hakichagui, uwe na duka la vifaa vya umeme Luthuli, mjini Nairobi, ama unauza ya kwako ya nyumbani ni mamoja. Kifungu cha 16, kile cha ubora, ndio kinabagua kidogo: sharti kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzika linamshika muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya aina hiyo. Kwa hivyo wewe unayeuza tivii moja ya sebuleni, sheria haikuchukulii kwamba umeahidi inafanya kazi. Ukisema hujui, na kweli hujui, mnunuzi ndio amebeba hiyo hatari na huna deni naye.

Lakini hiyo "na kweli hujui" ndio watu wengi wanairuka. "Sijaijaribu" nayo ni maelezo. Kama ulishaipeleka kwa fundi akakuambia bodi imeungua, halafu ukarudi nyumbani ukaandika sijaijaribu, huo ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa uongo aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Hii inaniuma sana kusema ukweli, kwa sababu mtu analipa akijua kuna nafasi kitu kiwake, na wewe ushajua hiyo nafasi haipo.

Kuna na swala la umiliki. Simu ikigunduliwa ni ya wizi, hata kama wewe uliinunua bila kujua, kifungu cha 14 kinataka muuzaji awe na haki ya kuuza. Hapo kusema hukuijaribu hakukusaidii kitu, unarudisha pesa.

Halafu kuna wale wa kila wiki simu kumi, laptopu tano, zote "hazijajaribiwa", na wanasema wao ni watu binafsi tu. Hapana, ukifanya hivyo wewe ni mfanyabiashara hata kama duka lako ni simu ya mkononi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haikubali ujitoe kwa masharti ya ubora kwa kuandika tu "mali ikishauzwa hairudishwi".

Wanunuzi nanyi, ukifika na kitu nyumbani kijaribu siku hiyo hiyo na umwambie muuzaji kwa meseji. Ukikaa nacho miezi, ama ukampa fundi akakifungua na kubadilisha spea, utahesabiwa umekikubali, na hapo kukirudisha ni ngumu, unabaki kudai fidia tu. Na tafadhali usifanye rivaso ya M-Pesa, yaani kuomba malipo yarudishwe kwako, huku kitu unacho, ile ni ya pesa iliyoenda namba isiyo yake.

Mkishindwa kuelewana kuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai hadi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba picha ya tangazo kabla halijafutwa, meseji zote, na ile ya malipo.

Kwa muuzaji, tangazo ambalo mimi naona linakukinga ni kama hili: "Imekaa stoo tangu 2021, sina waya ya kuijaribu, sijui kama inawaka. Njoo na waya uijaribu hapa kwangu kabla ya kulipa." Akiuliza inboksi inawaka, mjibu vile vile, sijui, na akija muache aichomeke hadi atosheke.