Chotara wa mlimani si mahindi ya Kitale

Wateja wanaokuja kitaluni kwetu hapa Kitale kuulizia maua ya Mlima Elgon huniletea wazo lile lile: tuchanganye lobelia ya huku na ya Mlima Kenya, maana chotara ndiye mwenye nguvu. Nimelisikia mno. Acha nilijibu kwa maandishi.

Dhana: Chotara huwa bora kuliko wazazi wake.

Najua lilikotoka. Mahindi ya H611, yaliyotolewa 1964, yalizalishwa papa hapa Kitale kwa kukutanisha mahindi yetu na mengine kutoka Ecuador, na tangu hapo mtu akisikia chotara anawaza gunia limejaa. Lakini mkulima huyo huyo anajua kwamba akipanda punje alizovuna, msimu unaofuata shamba halilingani na mavuno hushuka. Ndiyo sababu anarudi dukani kila mwaka. Nguvu ile ni ya kizazi cha kwanza. Ua chotara la porini halina duka la kurudia. Litazaa na machotara wenzake au na mmoja wa wazazi, na mlima utakipima kila kizazi kitakachofuata.

Chukua lobelia mbili za Mlima Kenya ambazo machotara wao wanajulikana. Lobelia keniensis hupenda mabonde yenye unyevu. Majani yake hukinga maji katikati. Usiku maji huganda juu, na kichipukizi kilicho chini kinanusurika na baridi. Lobelia telekii hukaa kwenye miteremko mikavu, hufunika maua yake kwa vijani virefu vyenye manyoya, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Sasa aliyerithi nusu ya huyu na nusu ya yule atamea wapi? Mara nyingi hana pake, mpaka sisi tumtengenezee: ukingo wa barabara mpya, nyasi zilizochomwa, ardhi iliyokanyagwa na mifugo. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Edgar Anderson, alilieleza hilo tangu 1948: machotara hushika mizizi pale mazingira yenyewe yanapochanganywa.

Kinachoniumiza zaidi ni spishi adimu. Dendrosenecio cheranganiensis, mmea wa milimani, iko kwenye vilima vya Cherangani tu, duniani kote. Mmea wa aina hiyo, wenye eneo dogo, ukiletewa jirani wa karibu kwa ukoo mwenye chavua nyingi, mbegu zake halisi huanza kupungua mwaka baada ya mwaka. Unaweza kumezwa huku mlima ukiendelea kuonekana una maua tele. Kwa hiyo sileti Elgon lobelia ya Mlima Kenya, hata kwa bustani ya hoteli. Ndege chozi hutembelea lobelia zote akibeba chavua, na uzio wa hoteli haumzuii.

Dhana: Chotara ni tasa, hana madhara.

Si kweli kwa mimea. Wengine ni tasa, wengi huzaa vizuri.

Dhana: Joto likizidi, maua yatapanda juu tu.

Mlima una mwisho. Elgon inaishia mita 4,321, na eneo hupungua kadiri unavyopanda. Tena spishi hazipandi kwa mwendo mmoja: ya chini huifikia ya juu, misimu ya kuchanua hupishana au kukutana upya, na zile zilizokuwa zimetengwa na mwinuko zinaanza kupeana chavua.

Dhana: Basi kila chotara ang'olewe.

Hapana, tafadhali! Mlima Etna, Italia, una spishi mbili za maua ya jamii ya Senecio, moja ya juu na moja ya chini, na machotara wao katikati. Machotara hao walipelekwa bustani ya Oxford, Uingereza, katika karne ya 18, wakatoroka, wakasambaa kando ya reli na kuwa spishi yenye jina lake, Senecio squalidus. Machotara wa asili ni sehemu ya historia ya milima. Ninaopinga ni wale tunaowasababisha kwa kusafirisha miche.

Tena rangi isiyo ya kawaida haitoshi kumtambua chotara. Udongo, umri na kivuli hubadilisha sura ya mmea. Ukiutilia shaka, uache ulipo. Piga picha ya ua, ya jani pande zote mbili na ya mimea iliyouzunguka, andika mwinuko na tarehe, kisha wapelekee wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Picha ya ua peke yake haiwasaidii.

Na mkitaka mbegu, ombeni kibali kwanza, mkusanye kutoka mlima ule ule mtakaopanda, mwinuko ule ule, kwenye mimea mingi badala ya mmoja. Vitalu vya milima miwili visikae jirani.