Kidonda kwenye kigutu? Vua mguu bandia leo: maswali na majibu

Mguu bandia una sehemu gani?

Soketi ni kikombe kinachopokea kigutu, yaani sehemu ya mguu uliyobaki nayo. Kati ya ngozi na soketi kuna laina, ile soksi nene ya silikoni au sponji, pamoja na soksi za kawaida za kigutu. Chini ya soketi kuna bomba na wayo. Aliyekatwa juu ya goti ana goti bandia pia. Matatizo mengi ninayoyaona kwenye kliniki yetu ya miguu bandia huanzia kwenye soketi, maana humo uzito wa mwili hubebwa na ngozi isiyozoea kazi hiyo.

Nina kidonda kidogo tu. Niendelee kuvaa mguu hadi siku ya miadi?

Hapana. Uvue leo. Hata kama ni lengelenge, hata kama hakiumi. Kila hatua unayopiga inakandamiza palepale palipochubuka, tena kwenye joto na jasho.

Mzee mmoja alikuja akisema mguu "unabana kidogo". Tulipoivuta soksi haikutoka. Ilikuwa imegandia kwenye kidonda kilichokwishaanza kutoa harufu, na ilibidi tuilowanishe kwa maji ya chumvi ya hospitali ili iachie. Alikuwa anakijua kidonda hicho tangu kilipokuwa mchubuko. Ana kisukari, kwa hiyo hakusikia maumivu, akaona kuwa kutouma ndiko kupona.

Nikikifunga pamba au plasta kisha nikavaa?

Hapana. Pamba inaongeza unene mahali ambapo soketi haina nafasi, na presha inazidi. Vua mguu, osha kidonda kwa maji safi, kifunike kwa chachi safi, tumia magongo, kisha utupigie simu au uje. Usisubiri miadi. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa, joto, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Lakini nina kazi, siwezi kukaa bila mguu.

Najua, na silichukulii jambo hili kirahisi. Lakini mchubuko uliopumzishwa mapema mara nyingi hupona kwa siku chache. Kidonda ulichokikanyagia hadi kikafika ndani kinaweza kukulaza wiki nyingi, na wengine huishia kukatwa tena, juu zaidi. Ukipoteza goti lako mwenyewe, kutembea kutakuchosha mno kuliko sasa. Kwa hiyo jibu langu ni lilelile: vua.

Alama nyekundu baada ya kuvua mguu ni hatari?

Ikififia ndani ya dakika kumi hivi, kwa kawaida si tatizo. Ikibaki, soketi inakandamiza vibaya. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta pale palipokoza rangi, penye joto, pagumu au panapouma ukipagusa. Kagua kila jioni, kwa kioo upande wa nyuma na chini. Mwenye kisukari akague na mguu wake mzima, katikati ya vidole pia, kwa sababu ndio unaobeba kazi ya ziada.

Mguu umelegea. Nijaze vitambaa?

Tafadhali, usijaze. Kigutu hupungua sana katika mwaka wa kwanza na nusu baada ya kukatwa, na hata baadaye hubadilika mwili ukinenepa au kukonda. Soksi za kigutu zimetengenezwa kwa unene mbalimbali kwa ajili hiyo: asubuhi unaweza kuvaa nyembamba, mchana ukaongeza. Soksi lazima ilale bila mkunjo hata mmoja. Vitambaa hujikunja, na kila mkunjo unachimba ngozi. Ukifika hatua ya kupanga soksi juu ya soksi ndipo mguu ushike, unahitaji soketi mpya.

Usafi je?

Osha kigutu na laina kila jioni kwa sabuni isiyo kali, suuza mpaka sabuni iishe, kausha. Laina ianikwe kivulini. Soksi badilisha kila siku, na soketi ifute ndani kwa kitambaa chenye unyevu. Usipake spiriti kwenye kigutu, wala usikinyoe. Ukienda kulala, mguu uvuliwe.

Mguu bandia unalia "kwa, kwa" nikitembea. Fundi wa kuchomelea anaweza kuurekebisha?

Hapana. Mlio mpya mara nyingi ni skrubu iliyolegea, wayo uliochoka au ufa. Skrubu zile hukazwa kwa kipimo, na zikikazwa ovyo pembe ya mguu hubadilika, ukaanza kuumwa goti na kiuno. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma na kuharibu plastiki. Wengine wanakwangua soketi kwa msasa nyumbani mpaka inatoboka. Hiyo hatuwezi kuirudisha. Ukiona ufa, usitembelee tena mguu huo hata kufika chooni.

Naweza kubadilisha viatu?

Ndiyo, ila kisigino kiwe na kimo kilekile. Kikizidi, goti linasukumwa mbele.

Mguu unabadilishwa baada ya muda gani?

Mtu mzima, mara nyingi baada ya miaka 3 hadi 5. Mtoto, karibu kila mwaka kwa kuwa anakua. Laina huisha mapema zaidi, wakati mwingine ndani ya mwaka. Lakini usihesabu miaka huku ngozi inachubuka. Njoo ukaguliwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama huna shida.

Nikija nilete nini?

Mguu wenyewe, hata kama umevunjika, na vipande vyake vyote. Soksi zote unazotumia, viatu unavyovaa kila siku, na kipimo chako cha sukari kama una kisukari. Kama una kidonda, usikipake unga wala dawa ya rangi, maana tunahitaji kukiona kilivyo. Na uje kwa magongo, mguu ukiwa mkononi au kwenye mfuko.