Urbanus na kale "kasanduku" kake: mchekeshaji wa Flandria aliyekataa kuacha lugha ya kijijini

Kazi yangu ni kutafsiri Kiholanzi kwenda Kiswahili, mara nyingi barua za manispaa na makaratasi ya mahakamani, lakini ikifika Desemba lazima kuna mtu ataniuliza ule wimbo wa Krismasi wa Wabelgiji, Bakske vol met stro, unasema nini na mbona watu wanacheka. Sasa leo naandika kabisa, maana huo wimbo huwezi kuueleza bila kumweleza mwenyewe Urbanus, na huyu bwana mi nampenda sana.

Jina lake la kuzaliwa ni Urbain Servranckx, kazaliwa 1949 Dilbeek, hapo pembeni ya Brussels, baadaye akaishi Tollembeek, kijiji cha wakulima upande wa Pajottenland, eneo la mashamba magharibi ya Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa na kikundi cha muziki, baadaye akabaki anapanda jukwaani peke yake, ndevu zimejaa, gitaa mkononi, anaongea kama kijana wa shamba ambaye hajaelewa kitu, kumbe kaelewa kila kitu.

Turudi kwenye bakske. Kiholanzi cha shule, ukitaka kukifanya kitu kiwe kidogo unaweka -je mwishoni, yaani bak ni sanduku, bakje ni kisanduku. Lakini Mflemi, yaani mtu wa Flandria, upande wa Ubelgiji unaoongea Kiholanzi, akiwa kwao anasema bakske. Hiyo -ske sisi tunaijua vizuri tu, ni ile ka- yetu! Sanifu inataka useme kitoto, kisanduku, ila nenda Nairobi au Lubumbashi uwasikie watu, katoto, kasanduku, wala hakuna anayemuomba mwalimu ruhusa. Kwa hiyo jina la wimbo ni "Kasanduku kamejaa nyasi kavu", na hadithi yenyewe ni kuzaliwa kwa Yesu. Biblia yetu inasema hori, ya kwao inasema kribbe, neno la kanisani, neno la kusomwa madhabahuni kwa sauti nzito. Urbanus kalitoa hilo neno kaweka sanduku la shambani, basi hapohapo hadithi yote inashuka chini, inakuwa kama jirani anakusimulia kilichotokea jana usiku zizini kwake. Ilikuwa 1979, Flandria ya Kikatoliki, na waumini wengi walikasirika kweli. Wimbo ukavuma hivohivo na mpaka leo Krismasi unasikika. Mimi binafsi sioni tusi pale, naona kairudisha hadithi zizini ilikotokea.

Na hiyo lugha haikuwa jambo dogo. Miaka ile Waflemi walikuwa wanaambiwa shuleni na kwenye televisheni waache lahaja zao waongee Kiholanzi safi, kulikuwa mpaka na vipindi vya kuwafundisha watu wazima kwamba hili sema, hili usiseme. Halafu anatokea huyu, anaimba kuhusu akina mama wenye makoti ya manyoya na anawaita madammen, neno walilolichukua kwa Wafaransa, ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu aandike dames. Watu walijisikia wenyewe kwa sauti ya mtu mwingine, ndo maana wakampenda hivo. Na hata Uholanzi kwenyewe alijaza kumbi, kitu ambacho kwa mchekeshaji wa Kiflemi si rahisi.

Filamu nazo zikaja. Hector ya 1987 na Koko Flanel ya 1990, zote kaziongoza Stijn Coninx, yuleyule ambaye baadaye filamu yake Daens iliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kwenye Hector Urbanus ni mtu mzima aliyelelewa na masista kwenye nyumba ya yatima mpaka kapitiliza umri, ndugu wanakuja kumchukua akafanye kazi kwenye bekari yao. Unaona? Ni yuleyule kijana wa jukwaani, kabadilishiwa nguo tu. Koko Flanel ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 1 kwenye majumba ya sinema ya Ubelgiji, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 10 na sehemu kubwa yao wanaongea Kifaransa, na hakuna filamu ya Kiflemi iliyoipita mpaka Loft ya 2008.

Ila ukiniuliza mimi, kazi yake iliyokaa kuliko zote ni vitabu vya katuni alivyofanya na mchoraji Willy Linthout kuanzia miaka ya 80. Humo Urbanus ni mtoto wa shule mwenye ndevu zake kamili, anaishi Tollembeek na baba yake Cesar asiyependa kazi, mama yake Eufrazie mcha Mungu kupindukia, mbwa anaitwa Nabuko Donosor, na nzi anaitwa Amedee. Watoto walivisoma kwa kujificha maana vimejaa mambo ya chooni, na wazazi waliovikataza walikuwa wanavisoma wenyewe. Pale Tollembeek kuna sanamu yake, na waliyemsimamisha si yule wa jukwaani wala wa sinema, ni huyo mtoto wa kwenye katuni.

Kwa hiyo mwaka huu atakayeniuliza nitamwandikia "kasanduku". Sitaweka hori, na mhariri akinisahihishia kuwa "kisanduku", naifuta nairudisha ka- yangu.