"Kilo bei gani?" Dhana potofu kuhusu kutuma vifurushi miji ya mbali

Mtu akitaka kutuma mzigo mji wa mbali, karibu kila mara huanza na swali hilo. Anauliza ofisi tatu, anamchagua aliyetaja bei ya chini, halafu siku ya kulipa anakuta hesabu nyingine kabisa. Inauma, hasa kwa mwenye biashara ndogo ambaye faida yake yote imeishia kwenye usafiri. Na mara nyingi hajaibiwa. Ameamini jambo ambalo haliko hivyo.

Dhana: Mwenye bei ndogo ya kilo ndiye nafuu.

Kilo utakazotozwa si lazima ziwe zile zinazosomwa kwenye mizani. Ndege inaweza kujaa nafasi kabla ya kufikia uzito wake, kwa hiyo wasafirishaji hupima mara mbili: kwa mizani, kisha kwa futi kamba. Urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, na jibu hugawanywa kwa 5,000 kwenye kampuni nyingi za vifurushi vya haraka, au kwa 6,000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege. Huo ndio uzito wa ujazo. Unalipia ule ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani.

Chukua boksi la nguo na mito lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Mizani inasema kilo 9. Zidisha vipimo vyake upate 120,000: ukigawa kwa 5,000 unalipia kilo 24, ukigawa kwa 6,000 unalipia kilo 20. Ofisi iliyokutajia bei ya kilo ya juu kidogo inaweza kuwa ndiyo rahisi, kwa sababu tu inagawa kwa namba kubwa. Sasa kamua hewa kwenye mito, ukate boksi kimo kishuke hadi sentimita 25. Zile kilo 24 zinakuwa 15, na hujapunguza hata shati moja. Kwa vyuma au vitabu hesabu hii haikusumbui sana, maana huko mizani ndiyo husema.

Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni hili: mnagawa kwa ngapi, na kilo isiyotimia mnaipandisha hadi nusu kilo au kilo nzima?

Dhana: Meli ni rahisi siku zote.

Kwa mzigo mkubwa, ndiyo. Mzigo mdogo unaochangia kontena na mizigo ya wengine hutozwa kwa mita ya ujazo, au kwa tani ikiwa uzito ndio umezidi, na mara nyingi kuna kiwango cha chini: unaleta robo ya mita, unalipia mita nzima. Juu yake kuna nyaraka, gharama za bandarini, kazi ya kufungua kontena, na ghala ukichelewa kuchukua. Tena bei uliyotajiwa huenda ni ya bandari hadi bandari, wakati ile ya kampuni ya vifurushi inafika mlangoni. Kuzilinganisha hizo mbili zilivyo ni kujidanganya. Omba zote mbili zikokotolewe hadi mlango uleule.

Muda nao hauishii baharini. Kontena husubiri lijazwe, husubiri meli, husubiri kufunguliwa. Njia yenyewe pia hubadilika: tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi kati ya Asia na Ulaya zilianza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, na safari ikarefuka kwa siku kumi hivi au zaidi.

Dhana: Miji ikikaribiana, kifurushi kitawahi.

Kampuni kubwa hazipeleki moja kwa moja; hukusanya vifurushi kwenye kituo kikuu, kisha huvigawa. FedEx ilipoanza usiku wake wa kwanza Aprili 1973, vifurushi 186 vya miji 25 ya Marekani vilipitia kituo chake cha Memphis, hata kama mtumaji na mpokeaji walikuwa upande mmoja wa nchi. Mtindo huo umeenea. Ndiyo maana kati ya miji miwili yenye basi la moja kwa moja la usiku, basi linaweza kuishinda ndege.

Dhana: "Siku 3" ni saa 72.

Mara nyingi ni siku za kazi, na kuhesabu huanza baada ya saa ya mwisho ya kupokea mizigo. Ukileta Ijumaa jioni, huenda siku ya kwanza ni Jumatatu.

Dhana: Nikiwa na namba ya kufuatilia, mzigo umekingwa.

Namba inakuonyesha mzigo ulikosomwa mara ya mwisho. Haikulipi chochote. Na fidia ya kawaida ina kikomo ambacho wengi hukijua wakiwa tayari wamepoteza. Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kikomo tangu Desemba 2024 ni SDR 26 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa kilo, yaani kama dola 35 za Marekani. Kamera ya kilo 2 ikipotea, hapo ni dola 70 hivi, hata kama ilinunuliwa kwa mara kumi ya hizo. Ukitaka zaidi, tangaza thamani yake wakati wa kukabidhi na ulipe nyongeza, au kata bima.

Baharini kuna jambo zito zaidi. Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez Machi 2021, wenye mizigo iliyokuwa ndani walitakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za uokoaji kabla ya kupewa mali zao, hata kama mali hizo hazikuwa na mkwaruzo. Mwenye bima hubebewa na bima. Asiye nayo hutoa mfukoni.

Dhana: Stika ya "kinavunjika" inatosha.

Mkanda wa kuchambulia mizigo hausomi stika. Kinacholinda glasi ni boksi jipya, sentimita 5 za kujazia kila upande, na selotepu iliyopita katikati na kwenye kingo zote mbili. Litikise: kitu kikicheza ndani, bado.

Dhana: Ukiandika "zawadi" hakuna ushuru.

Forodha huangalia thamani na aina ya kitu. Baadhi ya nchi husamehe zawadi hadi kiwango fulani, na zinazozidi hutozwa.

Dhana: Kikiingia kwenye boksi, kinaruhusiwa kwenye ndege.

Betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake, bila kifaa chake, zimepigwa marufuku kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na pawabenki huhesabiwa humo. Manukato yana alkoholi, hushika moto. Vipeleke kwa barabara au meli, uvitaje wazi kwenye karatasi. Skana itaviona, na boksi likizuiwa kwa chupa moja, linazuiwa na vyote vilivyomo.