Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina utaratibu wake wa maji ya kunywa: yachemke, yapoe, yachujwe kwa kitambaa safi, yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Uendelee, maana kipindupindu hakina mzaha. Ila wapo wanaoamini kwamba moto unamaliza kila kitu, hata madini ya risasi. Hapana. Bakteria hufa, risasi ni metali, haifi wala haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, risasi inabaki ileile, hivyo kila glasi inakuwa nayo nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Macho nayo yasikudanganye. Risasi iliyoyeyuka haina rangi, harufu wala ladha. Mara nyingi haitoki mtoni Ruvu, inatoka kwenye koki na viungo vya mabomba, tena humo humo ndani kwako.

Kupima ni kazi ya maabara, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi hufungulia bomba kwanza “yasafike”, ndipo wakinge. Umeshamwaga ushahidi! Kinga lita ya kwanza alfajiri, koki ikiwa haijaguswa kwa angalau saa 6. Kisha yaache yatiririke dakika chache, ukinge chupa ya pili. Ya kwanza ikizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ya pili ikawa chini, anza kwa kumwita fundi aangalie koki.